Walijibu sawa, wakachora vibaya: kisa cha kozi ya jiolojia ya mwaka wa kwanza chini ya mlima Elgon

Naandika hii kwa walimu wenzangu wa vyuo, hasa nyinyi mnaofundisha jiolojia au jiografia kwa darasa kubwa na vifaa vichache. Chuo sitakitaja, mwaka sitautaja, majina yote nimetoa, na vitu viwili vitatu kuhusu wanafunzi nimevibadilisha ili mtu akisoma asijulikane. Mimi nilikuwa mmoja wa walimu wawili kwenye kazi hii kwa hiyo makosa mtakayoyaona hapa ni yetu.

## Mazingira yenyewe

Chuo kiko upande wa mashariki mwa Uganda, asubuhi isiyo na mawingu ukisimama getini unauona Elgon wote. Kozi ni utangulizi wa jiolojia, semista ya kwanza. Wanaoisoma si wote wanataka kuwa wanajiolojia, wengi ni wa ualimu wa jiografia, kuna wachache wa mazingira, na kuna wale walioingia juu ya habari za mafuta ya Hoima na bomba la kwenda Tanga, wanatafuta kazi na siwalaumu. Makundi ni mawili. La mchana ni vijana waliotoka S.6, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, juzi tu, sitini na kitu. La wikendi ni watu wazima wenye kazi zao, kama nusu ya hao: walimu wa primari, karani wa sabkaunti, mama mmoja mwenye shamba la kahawa, na jamaa mmoja aliyekuwa anafanya kazi na watu wa kuchimba visima.

Vifaa vyetu: projekta moja inayongoja umeme, boksi la mawe ambayo lebo zake zilishadondoka, na ubao. Kufundisha ni kwa Kiingereza, ndio sheria ya idara. Ukitoka kwenye korido unasikia Lumasaaba, Ateso, Luganda, Dhopadhola, na Kiswahili ambacho ndicho kinawaunganisha wale wa Busia, Malaba na Tororo na wenzao waliotoka mbali kama West Nile.

Kwa nini jiolojia hapa si somo la kupita tu? Elgon ni volkeno ya zamani sana, ilianza zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita na imeshakufa. Miamba yake na ile iliyo chini ya miteremko yake imeoza kwa muda mrefu mpaka ikawa udongo mzito, mnene, wenye mfinyanzi mwingi, na huo udongo umekaa kwenye mteremko mkali, unanyeshewa sana na watu wamelima mpaka juu. Tarehe 1 Machi 2010 pale Nametsi, Bududa, mlima ulishuka ukafunika kijiji, na waliokufa na wasioonekana tena wanahesabiwa kwa mamia. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, wilaya hiyohiyo. Wanafunzi wetu wanatoka huko na wakimaliza watarudi huko kufundisha watoto. Mwalimu wa jiografia ambaye hajui kwa nini mteremko unashuka anafundisha watoto wanaolala chini ya huo mteremko, na mimi hilo lilikuwa halinipi usingizi hata kabla utafiti haujaanza.

## Tulitaka kujua nini

Mwenzangu alikuwa amesoma zile kazi zinazolinganisha lekcha ya kawaida na darasa ambalo wanafunzi wanafanya kitu. Kubwa kuliko zote ni ile ya Freeman na wenzake ya 2014, walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu, wakakuta kwenye lekcha tupu wanaofeli ni kama 34 kwa mia na kwenye darasa la kushirikisha ni kama 22 kwa mia. Tukaona hii kitu tuijaribu kwetu.

Njia tuliyochagua ni ile aliyoianza Eric Mazur kwenye fizikia pale Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwalimu anaongea kidogo, anatoa swali la kuchagua jibu, kila mtu anapiga kura peke yake, na kama waliopata ni kati ya 30 na 70 kwa mia basi wanageukiana, kila mmoja anamshawishi jirani yake, alafu wanapiga kura tena. Wenzetu wa nje wana vibonyezo vya elektroniki, sisi tulikata manila za rangi nne: A nyekundu, B bluu, C kijani, D njano. Inafanya kazi vizuri tu, unasimama mbele unaona rangi zote kwa mara moja.

Kupima tulitumia maswali kutoka kwenye mkusanyo wa Julie Libarkin na Steven Anderson wa Marekani, uliotengenezwa ili kunasa mambo ambayo wanafunzi wa jiolojia wanayaelewa vibaya, na tukaongeza ya kwetu kuhusu Elgon na Rwenzori, ile milima mirefu ya upande wa magharibi wa nchi. Testi mwanzo wa semista, testi ileile mwishoni. Kundi la mchana lipate kadi, la wikendi lipate lekcha kama kawaida, alafu tulinganishe. Kibali tulikipata kwenye kamati ya maadili na kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na wanafunzi walisaini fomu.

Mnaojua utafiti mmeshaona shimo tuliloingia. Sisi hatukuliona.

## Mambo yalivyokwenda

Wiki tatu za kwanza za kadi zilikuwa kimya. Namaanisha kimya kabisa. Swali linatoka, kadi zinapanda, nasema haya geukianeni, na watu sitini wanaangalia meza. Tulidhani ni aibu ya ufresha. Wiki ya nne mwenzangu akakaa nyuma akasikiliza, akagundua kwamba wanaongea, ila ni kunong'ona, na wakimwona anakaribia wanabadilisha wanaanza Kiingereza cha kwenye noti, na hapo maongezi yanakufa. Walikuwa wanaogopa kukamatwa na lugha nyingine darasani. Hao ni watoto ambao wengine shuleni waliadhibiwa kwa hilo.

Siku hiyo nikawaambia waziwazi: kura ni Kiingereza, testi ni Kiingereza, lakini mkigeukiana ongeeni lugha yoyote mtakayoelewana. Mwanzo walitazamana. Msichana mmoja akaanza Kiswahili na jirani yake wa Malaba, na baada ya dakika mbili chumba kikawa kama soko la Mbale siku ya Jumamosi. Kuanzia hapo kelele haikuisha tena.

Katikati ya semista tukatoa testi fupi ya maporomoko ya ardhi na kundi la mchana likapanda vizuri. Tulifurahi, siwezi kuficha. Kuna hesabu ya Richard Hake ya 1998, aliyoitumia kwa wanafunzi zaidi ya elfu sita wa fizikia, inaangalia mwanafunzi amepanda kiasi gani ukilinganisha na nafasi iliyokuwa imebaki juu yake. Aliyetoka 40 akafika 70 kati ya 100, nafasi yake ilikuwa 60, amechukua 30, basi ni nusu. Kwa hesabu hiyo tulikuwa tunafanana na madarasa mazuri ya Hake. Mwenzangu alishaanza kuandika ripoti.

Alafu ikaja safari.

Tulikodi basi, tukapanda kwenye miteremko ya chini ya mlima mpaka mahali ambapo barabara imekata kilima na tabaka zinaonekana zote. Juu udongo mweusi wa migomba, chini yake udongo mwekundu mzito mita kadhaa, chini kabisa mwamba uliooza, ukiugusa unamomonyoka mkononi lakini bado unaona umbo la jiwe. Pembeni kulikuwa na kovu la poromoko dogo, la zamani kidogo, nyasi zishaota. Nikauliza swali ambalo kwenye testi karibu wote walikuwa wamelipata: nionyesheni kwa kidole, hapa uliteleza kwenye nini?

Hakuna kidole kilichonyanyuka. Nikasubiri. Mmoja akaonyesha juu kabisa kwenye nyasi. Mwingine akasema, Madam, deforesteshoni, yaani ukataji miti. Ndio, lakini wapi? Kimya.

Wakati tumekwama hivo akapita mzee mmoja na ng'ombe wake wawili, wanafunzi wa huko wakamsalimia, mulembe mzee, mulembe, akasimama kuona tunafanya nini. Kijana mmoja akamwelezea kwa Lumasaaba na wenzake wakatutafsiria kwa Kiswahili. Yule mzee hakufikiri hata. Alisema kabla ya lile poromoko mvua ilinyesha siku nyingi, si kubwa sana, na chemchemi iliyo chini ya nyumba yake ikabadilika ikatoa maji ya udongo, na juu kwenye migomba kukatokea ufa wa mviringo ambao mkono unaingia. Mlima ulikunywa mpaka ukashiba, alivyosema. Akaonyesha kwa fimbo mahali maji yalikokuwa yanatokea: ni palepale udongo mwekundu unapokutana na mwamba.

Mzee alikuwa ametoa lekcha yangu ya wiki ya sita kwa dakika tatu. Maji yanaingia ndani, yanashuka mpaka yanapokutana na tabaka isiyoyapitisha vizuri, yanajaa kwenye vinafasi vya udongo na kusukuma chembe zake zisishikane, mshiko unapungua na uzito umeongezeka, basi mteremko wote unaachia kama kipande kimoja. Wanafunzi walikuwa wameandika haya yote. Walikuwa hawajawahi kuyaona kichwani.

## Jioni hiyo na uamuzi wa kwanza

Tuliporudi tulikaa na mwenzangu kwenye kantini mpaka wakafunga. Ripoti ilikuwa karibu tayari na namba zilikuwa nzuri. Tungeweza kusema safari ni jambo lingine, testi ndio kipimo, basi. Nilijaribiwa kusema hivo. Lakini ukishaona watu hamsini wanashindwa kunyoosha kidole mahali ambapo majirani zao wanafia, huwezi kurudi kuandika kwamba wameelewa.

Tukaamua kwenye lekcha inayofuata hakuna kadi. Kila mtu karatasi tupu na penseli na kazi mbili. Ya kwanza: kata mteremko wa Elgon kama unavyokata keki ya harusi, utuchoree unaona nini ndani wakati mvua inanyesha, na utie mishale ya maji. Ya pili: kata Rwenzori hivohivo, utuchoree chini kuna nini. Lugha ya maandishi yoyote. Tukawapa kazi hiyohiyo kundi la wikendi ili tuone.

Kwa nini kuchora? Kwa sababu kwenye kuchagua jibu unaweza kutambua neno. Mchoro unakulazimisha uweke kitu mahali, na kama hujui mahali pake mkono unasimama.

## Michoro ilisema nini

Hii ndio sehemu iliyonifundisha zaidi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye Elgon, kundi la mchana karibu lote walichora mvua inagonga juu na mishale inateremka kwenye ngozi ya mlima, inabeba udongo mpaka mtoni. Ndani ya mlima hakuna mshale hata mmoja. Yaani walikuwa wamechora mmomonyoko, si maporomoko. Kwao hivyo viwili ni kitu kimoja, kimoja kidogo kingine kikubwa. Na ukifikiria hivo basi kila jibu walilolitoa kwenye testi linaeleweka: ukataji miti, mvua kubwa, mteremko mkali, vyote ni sababu za mmomonyoko pia! Maswali yetu hayakuwa na uwezo wa kutenganisha. Mtu mwenye picha mbaya kabisa alikuwa anapata alama zote.

Na madhara yake si ya darasani tu. Anayeamini maji yanapita juu atachimba mtaro wa kuyakinga juu ya shamba, maji yasimame yanywewe na udongo polepole, na kwenye mteremko wa namna ile kuyasimamisha maji ndio kuyaingiza ndani.

Rwenzori ilikuwa vingine. Hapo waliandika maneno sahihi kabisa, blok mauntini, hosti, fotingi (yaani mlima wa bonge la mwamba lililoinuka pale miamba ilipovunjika), walivyofundishwa sekondari, alafu chini ya hayo maneno wakachora ziwa la lava. Wengine wakaweka na bomba la kupandia. Rwenzori si volkeno. Ni bonge la miamba ya kale sana lililosukumwa juu kati ya nyufa za tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mpaka kilele chake, Margherita, kikafika mita 5,109. Lakini watoto hawa wamekulia chini ya volkeno, mlima wanaoujua ni mmoja, basi kila mlima chini yake una moto. Na karibu wote waliamini ukichimba kidogo tu popote duniani utakuta lava, wakati ile tabaka nene chini ya ganda la dunia, manteli, ni mwamba mgumu unaotiririka polepole mno, na tunajua hivo manake mawimbi ya tetemeko ya aina isiyoweza kupita kwenye kimiminika yanapita humo.

Hapa pia Kiswahili kilitukamata, lazima niseme. Mimi nilikuwa najivunia kuruhusu lugha. Sasa wale waliojadiliana kwa Kiswahili walichora Bonde la Ufa kama ufa wa ukutani, mwembamba, wazi, unaenda chini mpaka kwenye moto. Neno letu ufa linabeba ule wa chungu, wa ukuta, na wa bara zima, na hakuna aliyewaambia kwamba hili bonde ni ardhi iliyovutwa pande mbili ikalegea katikati ikashuka. Lugha yao iliwafungua mdomo, ikawaingizia na picha yake, na kazi ya kuitazama hiyo picha ilikuwa ya mwalimu.

Na sasa wikendi. Kundi la lekcha, lile ambalo kwa mpango wetu lilitakiwa kuwa chini. Kwenye testi walikuwa nyuma ya mchana, sawa. Kwenye mchoro wa Elgon walikuwa mbele, tena mbali. Yule jamaa wa visima alichora tabaka nne na mstari wa maji chini ya ardhi unaopanda msimu wa mvua. Mama wa kahawa alichora chemchemi mahali pake. Hao watu wameshachimba. Wameshaona vyoo vikijaa maji Mei na kukauka Januari. Hapo ndipo lile shimo la utafiti wetu likaonekana wazi: tulikuwa tunalinganisha kadi na lekcha, kumbe tunalinganisha vijana wa S.6 na watu wa miaka arobaini wenye jembe.

## Tulichobadilisha

Tuliacha habari ya kulinganisha makundi. Ilituuma, manake kibali na ripoti vyote vilikuwa vimekaa juu ya hiyo, na ilibidi turudi kwenye kamati kueleza mabadiliko.

Pili, tukaleta mteremko darasani. Ubao mpana, juu yake mfinyanzi uliobanwa, juu ya mfinyanzi mchanga uliochanganywa na udongo, ukainamishwa, na makopo mawili ya kumwagia maji: moja wazi, lingine limetobolewa matundu madogo mengi. Tulifuata utaratibu wa White na Gunstone: kwanza utabiri na useme kwa nini, alafu uangalie, alafu ueleze tofauti ya ulichosema na ulichoona. Karibu wote walitabiri kopo wazi ndilo litaangusha. Mara ya kwanza zoezi liliharibika, tuliinamisha sana kila kitu kikashuka bila maji. Mara ya pili kopo wazi likachimba mifereji juu tu, na lile la matundu likanyunyiza, likanyunyiza, dakika zinaenda watu wanaanza kuchoka, alafu mchanga wote ukaachia kwa pamoja ukateleza kwenye mfinyanzi. Kuna mtu alipiga kelele. Kulikuwa na kimya kingine baada ya hapo, tofauti na kile cha wiki ya kwanza.

Tatu, tukachanganya makundi kwa vipindi viwili vya Jumamosi. Yule wa visima na yule mama wakakaa na vijana watano watano, mchoro mmoja mkubwa wa manila kwa kila meza.

Nne, na hili nalisema kwa uzito. Kwenye safari ya pili tulipanga kwenda kwenye kovu kubwa zaidi, mahali walikofia watu. Siku mbili kabla, mwanafunzi mmoja akanifuata ofisini, akasimama muda bila kuongea, alafu akasema, Madam, mimi sitapanda hilo basi. Watu wake walikuwa chini ya ule udongo na wengine hawakuwahi kutolewa. Alikuwa amekaa kwenye lekcha zangu zote za maporomoko, akapiga kura kwa kadi, akachora. Hatukuwa tumeuliza. Kwenye fomu yetu ya kibali tuliandika utafiti hauna madhara, tukitafsiri madhara kama alama. Tulifuta ile safari, tukarudi kwenye kipande kilekile cha barabara, na safari hii tulienda kwanza kwa chairmani wa LC1, mwenyekiti wa kijiji, na kumwomba yule mzee wa ng'ombe awe mwalimu wa siku hiyo, na tukamlipa kama tunavyomlipa mwalimu mgeni. Mwanafunzi yule hakuja na hakuna aliyemuuliza.

## Ikaishaje

Michoro ya mwisho wa semista tuliisahihisha wawili, kila mtu peke yake bila kuona alama za mwenzake, tunaangalia vitu vitatu tu: kuna tabaka, kuna maji ndani, na kuna mahali pa kutelezea. Tulipopishana tulikaa tukabishana mpaka tukajua kwa nini. Wengi wa kundi la mchana sasa walikuwa na maji ndani ya mlima. Mahali pa kutelezea walipaweka wachache kidogo lakini walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea.

Rwenzori haikusogea. Lava ilibaki palepale. Hatukuwa na ubao wa kuinamisha kwa ajili ya Rwenzori, tulieleza kwa mdomo na slaidi, na mdomo na slaidi walikuwa wameshavipata sekondari.

Mtihani wa chuo ulikuja kama kila mwaka, taja sababu tano za maporomoko ya ardhi, na matokeo yalikuwa yaleyale ya miaka yote. Mtu ambaye angeangalia matokeo tu angesema hakuna kilichotokea.

Miezi sita baadaye tuliwaita waliokubali, wachore tena. Sehemu kubwa walikuwa bado na maji ndani, ila mahali pa kutelezea kulikuwa kumefutika kwa wengi. Waliokuwa kwenye meza za kuchanganywa na watu wa wikendi walionekana kushika zaidi, lakini ni wachache mno na sitaki kulijengea nyumba juu.

## Nionavyo sasa

Kadi ni nzuri, naendelea kuzitumia. Kilichofeli si kadi, ni maswali. Swali la kuchagua jibu lina faida kama majibu ya uongo yametengenezwa kutoka kwenye picha za uongo ambazo wanafunzi wako wanazo kweli, na sisi tulichukua ya watu wa Marekani, ambayo yanawafaa wao, tukaongeza ya kwetu ambayo tuliyatunga mezani bila kuwauliza wanafunzi wanafikiri nini. Tungeanza na michoro, tukatoa humo ile mishale ya juu, tukaifanya jibu B, lile swali lingewanasa wiki ya pili. Libarkin na Anderson wenyewe walifanya hivo, walianza na mahojiano na maandishi ya wanafunzi. Tulichukua maswali yao tukaacha njia yao.

Safari ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Nir Orion na Avi Hofstein wa Israeli walionyesha tangu 1994 kwamba mwanafunzi akifika mahali papya huku hajui atafanya nini, hajui mahali penyewe, na hajajiandaa na baridi na njaa, akili yake yote inaishia kwenye huo upya. Vijana wetu walipanda basi saa kumi na moja alfajiri, wengi bila chai, na hakuna aliyekuwa ameona hata picha ya kile kipande cha barabara. Safari ya pili tuliwaonyesha picha kabla, tukawapa mchoro wa kujaza, tukawaambia tutasimama wapi na choo kiko wapi. Vidole vilinyanyuka. Sijui ni kiasi gani ni maandalizi na kiasi gani ni lile jaribio la ubao, hatukutenganisha.

Kuhusu lugha, kuna wenzangu watasema nimewaharibia Kiingereza. Mitihani yao waliandika Kiingereza na hawakushuka. Ila siwezi kusema ruhusu lugha alafu uende zako, mwalimu anatakiwa ajue neno kama ufa, mwamba au lava linaleta picha gani kwa mtu anayelisikia, na kama hujui waambie wachore.

Na kuhusu yule mwanafunzi aliyekuja ofisini: sasa kabla ya mada hiyo kila mtu anapata karatasi ndogo ya siri ya kuandika kama kuna kipindi ambacho asingependa kukaa, na hakuna alama zinazopungua. Kila mwaka karatasi mbili tatu zinarudi zimeandikwa.

Idara bado haijabadilisha mtihani wote, lakini mwaka uliofuata walikubali swali moja la kuchora, alama kumi na tano. Mimi saa ya kwanza ya semista siku hizi sifundishi, nagawa karatasi na penseli. Intake iliyopita mishale yote ilikuwa juu tena, isipokuwa mmoja, msichana wa mchana, kachora maji ndani na chemchemi inatoa tope. Nikamuuliza hii umeipata wapi. Akasema mwalimu wake wa jiografia S.3 ndiye alimchorea, na aliponitajia jina la yule mwalimu nilimkumbuka, alikuwa kwenye kundi letu la wikendi.